Dumu la tina limeandikwa "inashukiwa kumdhuru mtoto aliye tumboni": wamejuaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafanya kazi kwenye karakana ya fanicha hapa Kizota, Dodoma. Mimi napiga msasa na kufuta vumbi, mume wangu ndiye fundi rangi, anapuliza vanishi. Nina mimba ya miezi mitatu. Juzi limekuja dumu jipya la tina lenye picha ya mtu mwenye kama nyota kifuani, na maneno ya Kiingereza ambayo kijana wa ofisini alinitafsiria kuwa inashukiwa kumdhuru mtoto aliye tumboni. Bosi anasema hayo ni majaribio ya panya tu, na binadamu si panya. Wamejuaje? Mwanangu ameshadhurika? Mume wangu naye inamhusu? Na vipi kuhusu nguo zake ninazofua?
Mama Kijacho, Kizota

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Maneno hayo hayasemi kwamba mwanao ameshadhurika. Yanasema kemikali iliyomo kwenye dumu ina uwezo wa kudhuru mimba, ikimfikia mama kwa wingi fulani na katika kipindi fulani. Bosi wako naye kasema jambo moja la kweli, kwamba binadamu si panya, ila kalichukulia kama ni habari njema. Mara nyingine si habari njema hata kidogo, na nitakuonyesha kwa nini. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu mtu akijua sentensi ile fupi imetoka wapi, anajua pia lini aogope na lini atulie.

Tina ya kupunguzia rangi na vanishi ni mchanganyiko wa viyeyushi, na katika nyingi kimojawapo ni tolueni. Angalia orodha ya viambato kwenye dumu, utaiona imeandikwa toluene. Picha ya mtu mwenye mpasuko kifuani ni alama ya kimataifa ya kemikali zenye madhara mazito kwa afya, yakiwemo saratani, madhara ya uzazi na uharibifu wa viungo vya ndani. Upande wa uzazi una madaraja yake. Daraja 1A ni kemikali ambazo ushahidi wake umetoka kwa binadamu wenyewe. Madini ya risasi yamo humo. Daraja 1B ni zile ambazo ushahidi wa wanyama ni mzito kiasi cha kutoacha shaka kubwa. Daraja la 2 ni zinazoshukiwa, na humo ndimo Ulaya ilimoiweka tolueni kwa upande wa mtoto aliye tumboni. Kijana wa ofisini amekutafsiria vizuri.

Sasa, wamejuaje? Nchi wanachama wa shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, OECD, zimekubaliana miongozo ya kupima kemikali, kila mmoja na namba yake. Unaohusu mtoto aliye tumboni ni namba 414, uliotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 2001 na tena 2018. Nitakupitisha ndani yake, kwani watu wengi wanafikiri mnyama anapewa sumu kisha wanasubiri kuona kama atakufa. Sivyo.

Panya wa maabara, jike na dume, wanawekwa pamoja usiku. Asubuhi fundi wa maabara anachukua majimaji kidogo kutoka ukeni mwa jike na kuyatazama kwa hadubini. Akiona mbegu za kiume, siku hiyo inaandikwa kuwa siku ya sifuri ya mimba. Mimba ya panya ni siku 21 au 22 tu, kwa hiyo hata siku moja ya kukosea ingevuruga kila kitu. Majike wanagawanywa kwa kura katika makundi manne: matatu yanapata kemikali kwa dozi ya chini, ya kati na ya juu, na la nne linapata mafuta au maji matupu, hilo ndilo la kulinganishia. Kila kundi linatakiwa liwe na majike wenye mimba wapatao 20. Dozi ya juu inachaguliwa imtaabishe mama kidogo, kwa mfano apungue uzito, lakini isimuue wala kumtesa sana. Wanapewa kila siku, tangu mimba inapojishikiza kwenye mji wa mimba hadi siku moja kabla ya upasuaji.

Upasuaji unafanyika siku moja kabla ya siku ya kuzaa, na sababu yake inasikitisha: panya jike akizaa mtoto aliyekufa au mwenye kilema humla. Ukisubiri azae, ushahidi unapotea ndani ya saa chache. Kwa hiyo mama anauawa kwa utaratibu uliowekwa, mji wa mimba unatolewa, unapimwa uzito na kufunguliwa. Kwenye ovari wanahesabu vijiuvimbe vya njano, kila kimoja ni alama ya yai lililotoka. Kisha wanahesabu mahali ambapo mimba zilijishikiza. Mayai 15, mimba 13: mbili zimepotea kabla ya kujishikiza. Kati ya hizo 13, ngapi zimekuwa watoto hai, ngapi zimeyeyuka mapema, ngapi zimekufa mwishoni? Na kama mji wa mimba unaonekana mtupu kabisa, haurukwi. Unalowekwa kwenye dawa ya amonia na salfa, na pale ambapo mimba ilijishikiza siku chache kisha ikafa, doa jeusi linajitokeza. Mimba ambayo hata mama mwenye mwili asingejua kwamba aliwahi kuwa nayo, inahesabiwa.

Halafu watoto. Kila mmoja anapimwa uzito, anatazamwa jinsia, mdomo, kaakaa, vidole, mkia, uti wa mgongo. Kwa panya, karibu nusu ya watoto wa kila mama wanachunguzwa viungo laini, yaani moyo, figo, ubongo, macho. Nusu nyingine wanachunguzwa mifupa: nyama inayeyushwa hadi inakuwa angavu kama kioo, mifupa inatiwa rangi nyekundu na gegedu inatiwa ya buluu. Ukimshika mtoto huyo mbele ya taa unaona mbavu zote, jozi 13 kwa kawaida ya panya, vidole vyote, pingili zote. Mbavu iliyopinda kidogo au jozi ya 14 iliyojitokeza inaandikwa, lakini haiitwi kilema moja kwa moja, maana hutokea hata kwa wasiopewa kitu. Wanalinganisha na kundi la nne na pia na kumbukumbu za maabara hiyo za miaka iliyopita.

Kuna kanuni moja ya hesabu ninayoisisitiza kwa kila mwanafunzi anayepita mikononi mwangu. Watoto 12 wa mama mmoja si ushahidi mara 12. Wamekaa tumbo moja, wamekula damu moja. Kinachohesabiwa ni mama. Ukiona ripoti inayojigamba kwa mamia ya vijusi na haisemi wametoka kwa mama wangapi, iweke pembeni.

Ugumu mwingine ni huu: mama akiumwa, mtoto naye hudumaa. Ikiwa dozi ya juu imemfanya mama asile, na watoto wakazaliwa wadogo, je kemikali imemfikia mtoto au ni njaa ya mama? Hapa wataalamu hubishana sana. Msimamo wangu ni kwamba taabu ya mama isitumiwe kama pazia la kuficha madhara ya mtoto. Uzito mdogo unaweza kuelezwa kwa njaa. Kaakaa lililopasuka, mara chache sana.

Mwongozo wa 414 unaishia siku moja kabla ya kuzaliwa. Mtoto anayeonekana mzima siku hiyo anaweza kuwa na tatizo litakalojitokeza akiwa mkubwa: kujifunza, kinga ya mwili, kupata watoto wake mwenyewe. Ndiyo maana upo mwongozo mwingine, namba 443 wa mwaka 2011, unaowafuata watoto hadi utu uzima. Humo wanapima hata umbali kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri, kwa sababu kwa dume umbali huo ukiwa mfupi kuliko kawaida ni dalili kwamba homoni za kiume zilivurugwa tumboni. Wanaangalia dume mchanga kama amebaki na chuchu ambazo kwa kawaida zinapotea. Wanapima siku ya kubalehe. Ni kazi ya wanyama wapatao 1,400 kwa kemikali moja, na utaratibu wa zamani wa vizazi viwili ulikuwa ukitumia wapatao 2,600. Idadi hiyo inaniuma, nasema wazi. Wanyama hao wanahisi maumivu, na hata hapa kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua wajibu wetu kwao. Ndiyo sababu naunga mkono kila juhudi ya kupima kwanza kwa seli na kwa mayai ya samaki wadogo wenye milia, na ndiyo sababu nakasirika jaribio likishafanyika kisha matokeo yake yakapuuzwa. Mnyama amekufa bure, na binadamu naye ameumia.

Hilo linanirudisha kwa bosi wako.

Anasema binadamu si panya. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomide, wajawazito wakaitumia pia kutuliza kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Baadaye dawa ile ilipopewa panya wenye mimba, watoto wao wengi walizaliwa bila vilema vile. Sungura ndio walioonyesha vilema vilivyofanana na vya binadamu. Tangu hapo dawa na viuatilifu kwa kawaida hupimwa kwa aina mbili za wanyama, mara nyingi panya na sungura, na si kwa panya peke yake. Kwa hiyo, ndiyo, binadamu si panya: kwa thalidomide binadamu aliumia pale panya alipopona.

Na tolueni je? Panya wenye mimba waliovuta hewa yenye tolueni sehemu zaidi ya 1,000 katika milioni, kwa saa kadhaa kila siku, walizaa watoto wenye uzito mdogo na mifupa iliyochelewa kukomaa. Vilema vya wazi havikuwa jambo kubwa. Ukiishia hapo unaweza kusema kiwango hicho ni kikubwa, hakuna karakana inayofika huko mchana kutwa. Lakini mwaka 1992 watafiti wa Singapore walichapisha taarifa za wanawake waliokuwa wakiunganisha spika za redio kwa gundi yenye tolueni, hewa yao ikiwa na wastani wa sehemu 88 katika milioni. Mimba zilizoharibika kwao zilikuwa nyingi kuliko kwa wenzao wasioshika gundi hiyo. Utafiti mmoja haumalizi mjadala. Ila 88 ni ndogo sana mbele ya 1,000. Tena tunajua kwa hakika kuwa wanawake walionusa viyeyushi kwa makusudi, ili walewe, katika kipindi cha ujauzito, wamezaa watoto wenye vichwa vidogo, waliochelewa kukua, wenye sura inayofanana na ya watoto walioathiriwa na pombe tumboni. Huo si ushahidi wa panya.

Kwa nini basi tusingoje tu ushahidi wa binadamu? Kwa sababu karibu watoto 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile hata pasipo kemikali yoyote, na kwenye karakana ya wanawake watano huwezi kutofautisha bahati mbaya na sumu. Ungehitaji mamia ya akina mama, na miaka, na wote wawe wameshaumia ndipo uhesabu.

Mume wako. Jibu fupi ni ndiyo, inamhusu, na kisa ninachotaka akisome ni hiki. Kulikuwa na dawa ya kuua minyoo ya udongoni, DBCP. Mwaka 1961 wanasayansi wa Marekani walichapisha kwamba panya walioivuta walisinyaa korodani. Dawa ikaendelea kutengenezwa na kuuzwa. Mwaka 1977, kwenye kiwanda kimoja huko California, wafanyakazi wanaume walikuwa wakizungumza wao kwa wao na kugundua kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi hawakuwa na mbegu hata moja. Matumizi mengi ya dawa hiyo yakazuiwa Marekani, lakini ilikuwa imeshasafirishwa na iliendelea kupelekwa kwenye mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, ambako maelfu ya vibarua walibaki tasa. Miaka 16 ilipita kati ya panya na wanaume wale. Panya alisema kweli, na hakuna aliyemsikiliza.

Kwa fundi rangi, ninachokiangalia kwanza kwenye dumu ni majina mawili, 2-methoxyethanol na 2-ethoxyethanol. Ni viyeyushi vilivyotumika sana kwenye rangi, vanishi na tina. Vyote vinasinyaza korodani za panya na kuharibu vijusi, na mwaka 1988 uchunguzi wa wapaka rangi wa meli nchini Marekani ulikuta waliovitumia walikuwa na upungufu wa mbegu zaidi ya wenzao. Ulaya imeviweka daraja 1B. Ukiyaona majina hayo kwenye dumu, lirudisheni dukani, msilifungue.

Ajue pia kwamba kupata mtoto mmoja hakuthibitishi kuwa yuko salama. Panya dume hutengeneza mbegu nyingi mno kiasi kwamba anaweza kupoteza hata asilimia 90 na bado akampa jike mimba. Ndiyo maana maabara haitosheki kuona kama jike amezaa. Wanahesabu mbegu, wanatazama mwendo wake, na kukata korodani vipande vyembamba kuzichunguza kwa hadubini. Mwanaume hana akiba kubwa kama hiyo, upungufu mdogo tu unamgusa. Lakini jambo la kutia moyo ni kwamba mbegu za binadamu huchukua siku 74 hivi kukomaa, na wiki mbili tatu zaidi kutoka nje. Kwa kemikali nyingi, ukimwondoa mtu kwenye mvuke leo, ndani ya miezi mitatu minne mbegu anazotoa ni zile zilizokua kwenye hewa safi. DBCP ilikuwa ubaya wa pekee kwa kuwa iliua hata seli mama za mbegu.

Sasa turudi kwako na miezi yako mitatu. Viungo vya mtoto huumbwa zaidi kati ya wiki ya tatu na ya nane tangu mimba kutunga. Kipindi hicho umeshakipita au uko ukingoni. Kama tolueni ingekuwa kemikali ya kukata viungo kama thalidomide, ningekuambia maneno mengine, lakini sivyo ilivyo. Kinachoendelea sasa hivi hadi mwisho ni ukuaji wa mwili na ubongo, na hapo ndipo tolueni inaposhukiwa. Kwa lugha nyingine, yaliyopita huna sababu ya kuyalilia, na yaliyobaki yako mikononi mwenu.

Wataalamu huchukua dozi kubwa kabisa ambayo haikumdhuru mnyama, wanaigawa kwa 10 kwa sababu binadamu anaweza kuwa mwepesi wa kudhurika kuliko mnyama, wanaigawa tena kwa 10 kwa sababu binadamu hatulingani, yupo mjamzito, yupo mwenye upungufu wa damu. Hiyo ndiyo mantiki ya viwango vingi vya usalama. Kwa tolueni, jopo la wataalamu wa usafi wa mahali pa kazi la Marekani linapendekeza isizidi sehemu 20 katika milioni kwa wastani wa saa nane. Ulaya imeweka 50. Sheria ya shirikisho ya Marekani, ambayo ni ya zamani, bado inaruhusu 200. Mimi nashikilia 20, na kwa mjamzito nasema asiwepo kabisa karibu na bunduki ya rangi.

Pua haiwezi kukupimia. Utainusa tolueni vizuri asubuhi unapoingia, na baada ya nusu saa pua imezoea, unadhani imeisha kumbe bado ipo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini. Na hapa Dodoma nimeona kwa macho yangu kinachotokea kuanzia Juni: upepo unavuma, baridi na vumbi, vumbi linaharibu vanishi mbichi, mafundi wanafunga mlango na kushusha turubai. Fanicha inatoka safi, na mvuke wote unabaki kwa watu waliomo ndani. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 ujenzi umeongezeka na karakana zimejaa kazi, lakini chumba cha kupulizia chenye feni ya kutolea hewa nje bado ni nadra. Hilo ndilo la kumwomba bosi kwanza: eneo la kupulizia litengwe na la msasa, liwe na feni inayovuta mvuke na kuupeleka nje, upande ambao upepo hauurudishi ndani. Kupuliza kukifanyika jioni wengine wameondoka, tayari nusu ya tatizo imeisha, na hakuna shilingi iliyotumika.

Barakoa ya kitambaa, au ile ya karatasi ya hospitalini, haizuii mvuke. Inazuia matone ya rangi tu, mvuke unapita kama haipo. Mume wako anahitaji barakoa ya mpira yenye vichungi vya mkaa kwa ajili ya mvuke wa viyeyushi, na vichungi hivyo vinachoka, lazima vibadilishwe. Aache pia kunawa mikono kwa tina baada ya kazi. Najua kila fundi anafanya, maana sabuni haitoi vanishi haraka. Tina inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Apake mafuta ya kula mikononi, asugue kwa kitambaa, kisha anawe kwa sabuni.

Wewe omba kuhamishwa kazi nyingine: kupima mbao, kushona vitambaa vya makochi, kuandika oda. Wala usiombe kwa unyonge. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwake au kwa mtoto, na inamtaka ampe kazi nyingine inayofaa, ikiwezekana, kwa masharti yasiyopungua ya mwanzo. Mshahara haushuki. Msipoelewana, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wenye mamlaka ya kukagua karakana na kupima hewa. Kuhusu dumu lenyewe, yaani aliyeliingiza kama amesajiliwa na kama lebo yake ni ya kweli, nendeni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma, na wanafanya kazi chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Mwombe muuzaji karatasi ya usalama ya tina hiyo. Ina vipengele 16. Madhara ya uzazi yako kipengele cha 11, na hapo ndipo huandikwa kwa ufupi kile majaribio yalichokuta.

Usije ukadhani dumu lisilo na picha ile ni salama. Kwa kemikali za viwandani, kiasi cha majaribio hutegemea tani zinazouzwa. Ulaya, ambako sheria ni kali, jaribio la awali la uzazi linadaiwa kuanzia tani 10 kwa mwaka, na lile la 414 likaja kudaiwa kwa tani 100. Kemikali isiyopimwa haina alama kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anaweza kushangaa nikimwambia kwamba kiuatilifu anachopuliza kimepimwa kwa kina zaidi kuliko tina ya fundi fanicha wa mjini, kwa kuwa kiuatilifu hakisajiliwi bila faili zima la majaribio ya vizazi. Hiyo haina maana kiuatilifu hakidhuru, ina maana madhara yake yanajulikana zaidi.

Siku ya kliniki, mweleze muuguzi unafanya kazi wapi na unashika nini, na umwombe aandike kwenye kadi yako. Piga picha lebo ya dumu kwa simu uende nayo. Watapima ukuaji wa mimba kila unapokwenda, na ultrasaundi itaonyesha viungo. Ukiwa na wiki 18 hadi 22 ndio wakati mzuri wa kuitazama. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma au kichefuchefu kinachoanza ukiwa karakana na kuisha ukirudi nyumbani, hiyo ni dalili kwamba hewa ya pale imezidi, toka nje siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki.

Na nguo. Tolueni inaruka hewani, kwa hiyo nguo zikitundikwa nje usiku kucha upeponi, kinachobaki ni kidogo. Ninachokihofia zaidi ni vumbi, kwa sababu mkikwangua au kupiga msasa fanicha ya zamani yenye rangi ya zamani, kunaweza kuwa na risasi humo, nayo haipeperuki. Inakaa kwenye nguo, inaingia ndani, na mimba haina kinga dhidi yake. Mume wako avue nguo za kazi karakana, azifunge kwenye mfuko, aoge kabla ya kukaa na wewe au kupakata mtoto mwingine kama mnaye. Zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto, na kwa miezi hii iliyobaki azifue yeye mwenyewe, akizilowesha kwanza kabla ya kuzikung'uta.